Anemoni wa mchangani kwenye tangi la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Haya ndiyo maswali yanayonifikia zaidi kutoka kwa watu wa Dar wanaofuga viumbe wa maji chumvi. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Mengi yana mzizi mmoja: tunakaa kando ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo tunadhani kiumbe wa bahari atazoea upesi sebuleni kwetu. Lita mia tatu za maji ndani ya kioo zinaweza kupanda joto, kuzidi chumvi na kuishiwa hewa mchana mmoja tu. Majibu karibu yote hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Anemoni wa mchangani ni yupi hasa?

Anemoni ni mnyama wa baharini anayefanana na ua. Wa mchangani ni yule anayezika shina lake mchangani na kuacha nje minyiri, yaani mikono yake laini ya kunasia chakula, na mdomo tu. Ukimshtua anajivuta chini mpaka unabaki kutazama mchanga mtupu. Kitako chake, yaani ile sehemu ya chini anayoshikia, huwa kimeng'ang'ania kitu kigumu: jiwe lililofukiwa, au kioo cha chini cha tangi.

Wanaopatikana zaidi kwenye biashara ya akwaria ni wanne. Heteractis aurora ana minyiri yenye vinundu vinundu kama shanga zilizotungwa, na ndiye mdogo kuliko wenzake. Macrodactyla doreensis ana minyiri mirefu, michache, na shina ambalo kwa chini mara nyingi ni jekundu au la chungwa. Heteractis crispa, ambaye siku hizi utamkuta pia kwa jina la Radianthus crispa, ana shina gumu lenye ngozi nene na minyiri mingi, mara nyingine yenye ncha za zambarau. Halafu yupo Stichodactyla haddoni, ambaye wafugaji wanamwita zulia: minyiri yake ni mifupi, imebanana, na akitanuka anaweza kufika sentimita 80. Crispa na doreensis wanafika sentimita 50. Kumbuka namba hizo unapomwona dukani akiwa na upana wa kisosi.

Usimchanganye na anemoni wa bomba, yule anayejitengenezea mfuko wa utando na kuchomoza kutoka ndani yake. Huyo ni wa kundi jingine kabisa, hahitaji mwanga, na samaki wa anemoni, wale wanaoishi katikati ya minyiri, hawakai kwake. Ukimnunua ukidhani ni Heteractis utamweka chini ya taa kali bure na kumnyima chakula anachokitegemea.

Tangi langu lina miezi miwili na maji yanapima vizuri. Nimweke?

Hapana. Subiri miezi sita kwa uchache, na ukifika mwaka ni bora zaidi. Vipimo vya dukani vinakuonyesha amonia na naitreti. Havikuonyeshi kama bakteria wameshajaa kwenye mchanga na mawe, wala kama tangi linaweza kubeba kosa dogo bila kuyumba. Tangi changa hupanda na kushuka kila wiki. Samaki anavumilia, anemoni havumilii.

Najua jibu hili halipendwi. Wengi wananunua kwanza, wanauliza baadaye.

Tangi liwe kubwa kiasi gani, na mchanga uwe na kina gani?

Kwa Heteractis aurora, lita 200 zinatosha kuanzia. Kwa crispa na doreensis ningependa uwe na lita 300. Kwa zulia, upana wa sakafu ya tangi ni muhimu kuliko ujazo: tangi jembamba na refu kwenda juu halimfai hata likiwa na lita 400, kwa sababu atagusa kioo pande zote na kila kilicho karibu naye kitachomwa.

Mchanga uwe na kina cha sentimita 10 hadi 15 pale unapotaka akae. Tumia mchanga wa matumbawe, laini, wa chembe za milimita 1 hadi 2. Changarawe kubwa inamkwaruza shina. Fukia jiwe moja bapa chini ya mchanga huo, liguse kioo cha chini ili lisizame likamponda. Akiteremsha kitako akalikuta, mara nyingi hahami tena. Akikosa cha kushika, anang'oka, anazunguka tangi, na safari hiyo inaweza kuishia kwenye pampu.

Mchanga wa ufukweni uuache. Wa kwetu umejaa vumbi la mito na takataka zinazooza, na fukwe zetu hazina mchanga wa kugawa: pale Kunduchi bahari imekuwa ikila ufukwe kwa miongo.

Kaka, mimi nakaa Mbezi Beach, bahari naiona kwa dirisha. Kwa nini nisichote maji hapo?

Unaweza kutumia maji ya bahari. Tatizo ni pale unapochota. Maji ya ufukweni mwa jiji hubeba kila kinachoshuka na mito na mifereji. Mto Msimbazi, kwa mfano, unamwaga uchafu wa katikati ya jiji karibu kabisa na Daraja la Selander. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya karibu na midomo ya mito hupungua chumvi na kujaa tope. Ukiyatia kwenye tangi siku hiyo umemletea anemoni mafuriko.

Wanaofanikiwa na maji ya bahari hufanya hivi: wanapatana na mwenye mashua, wanachota mbali na ufukwe, maji yakiwa yamejaa, baada ya siku kadhaa bila mvua. Madumu yawe hayajawahi kubeba mafuta ya taa wala sabuni. Nyumbani wanayachuja kwa kitambaa kizito, wanayaacha kwenye pipa lenye kifuniko, gizani, na pampu ndogo ikizungusha, kisha wanapima chumvi kabla ya kutumia. Unayemwagiza naye umjue vizuri. Dumu likijazwa gatini usiku, rangi ya maji haitakuambia chochote.

Njia nyingine ni chumvi ya akwaria iliyochanganywa na maji ya RO, yaani yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja inayoondoa karibu kila kilichoyeyuka majini. Ni ghali, lakini unajua ulichoweka. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya visima vingi vya Dar yana chumvichumvi na naitreti tangu ardhini, kwa hiyo yote mawili yapite kwenye mashine hiyo kwanza.

Chumvi ya mezani? Au ile ya mawe ya sokoni?

Hapana kwa zote mbili. Hizo ni sodiamu na klorini karibu tupu. Anemoni anahitaji pia kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na madini mengine kwa uwiano wa bahari.

Nipime nini, na namba ziwe ngapi?

Chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji inasomeka 1.025 hadi 1.026. Tumia rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa mwanga; vile vipimo vya plastiki vyenye mshale hudanganya kadiri vinavyochakaa. pH 8.0 hadi 8.4. Alkali 8 hadi 11 dKH, kizio kilichoandikwa kwenye vipimo vya dukani. Kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Amonia na naitraiti (nitrite) sifuri. Naitreti (nitrate) chini ya miligramu 10 kwa lita, ila isiwe sifuri kabisa. Shaba isiwepo hata chembe: dawa nyingi za kutibu madoa meupe ya samaki zina shaba, na tangi lililowahi kutibiwa kwa dawa hizo silishauri kwa anemoni hata likisuguliwa.

Kuliko kufukuzia namba kamili, hakikisha namba ya leo inafanana na ya juzi. Alkali ya 8 inayokaa 8 ni bora kuliko ya 10 inayoruka hadi 7 ukisahau kuongeza.

Joto la Dar nifanyeje?

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Anemoni anastawi kwenye nyuzi 24 hadi 27. Sebule isiyo na kiyoyozi mwezi wa Februari inafika 32 mchana, na taa na pampu zinaongeza joto lao juu yake. Utaniambia bahari yenyewe inafika 29 mwezi Machi, na wao wanaishi huko. Ni kweli, ila baharini joto hupanda polepole kwa miezi, maji yanatembea na hewa imejaa. Na hata huko wana mpaka: joto la mwaka 1998 liliyageuza meupe matumbawe ya pwani yetu, na anemoni hupauka kwa sababu ileile.

Anza na feni. Feni ndogo ikipuliza usawa wa maji hushusha nyuzi mbili hadi tatu kwa kuyakausha maji. Ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hasa mvua zinapokaribia, na siku hizo feni inapuliza lakini maji hayapoi kama siku za hewa kavu. Pili, maji yanayokauka yanaacha chumvi nyuma. Unaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku, kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi, asubuhi na jioni, au unafunga kifaa cha kujaza chenyewe. Anayejazia maji ya chumvi kila siku anatengeneza achari.

Chila, yaani mashine ya kupoza maji, ni suluhisho la uhakika kwa mwenye uwezo. Usiifungie ndani ya kabati la tangi bila tundu la hewa, maana itakuwa inapoza maji kwa mkono mmoja na kuyapasha kwa mkono mwingine. Mwenye kiyoyozi chumbani anaweza kupita bila chila, mradi kisiwe kile kinachowashwa mgeni akija tu.

Siku joto limepanda ghafla, acha ielee juu ya maji chupa ya plastiki iliyojaa maji yaliyoganda, moja baada ya nyingine. Lenga kushusha nyuzi moja kwa saa, usizidishe. Kumtoa kwenye 31 hadi 25 kwa dakika kumi ni pigo jingine juu ya lile la kwanza.

Umeme ukikatika je?

Kinachomuua kwanza ni kukosa hewa, taa na chila vinakuja baadaye. Maji yakisimama, hewa iliyomo huanza kupungua mara moja, na mchanga wenye kina unaendelea kuitumia. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo umeme ukikatika saa nane mchana una muda mfupi kuliko ukikatika saa nane usiku.

Nunua pampu ya hewa ya betri, ile ya wavuvi wa chambo au ile inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yako na ndicho nisingekikosa. Inveta yenye betri moja nzuri inaweza kuendesha pampu ya mzunguko usiku kucha kwa sababu pampu hula umeme kidogo. Usiiunganishe na chila, itakwisha kabla hujamaliza kula. Ukikosa vyote, chota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Watoto wanaipenda kazi hii kwa robo saa ya kwanza.

Na LUKU usiiache iishe ukiwa safarini. Mwachie mtu wa nyumbani namba ya mita.

Taa ya aina gani?

Ndani ya mwili wa anemoni huyu wamo mwani wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa mwanga, na sehemu kubwa ya nguvu zake inatoka kwao. Kwa hiyo taa ya mapambo haitoshi. Tafuta LED za akwaria ya matumbawe, zenye buluu na nyeupe, na kama unaweza kuazima kipimo cha PAR, yaani cha mwanga ambao mwani wanaweza kuutumia, upate 150 hadi 250 pale anapokaa mchangani. Saa 8 hadi 10 kwa siku, kwa kifaa cha kujizima. Anemoni mgeni umwanzishie mwanga hafifu na kuupandisha kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Kuweka tangi dirishani ili kuokoa umeme wa taa, hapana. Utaulipa huo umeme kwenye chila.

Naweza kwenda Mbudya kuchukua wangu mwenyewe?

Huwezi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na yanasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kwa Sheria Na. 29 ya 1994. Hapo unalipa kiingilio, unaogelea, unatazama, unarudi na picha. Nje ya maeneo hayo, kukusanya viumbe wa akwaria ni shughuli ya leseni, na wa kumuuliza ni Idara ya Uvuvi, siyo mvuvi aliyekupigia simu kwamba ana "ua la baharini" kwenye ndoo.

Hata ukiiweka sheria pembeni, anemoni aliyeng'olewa na mtu asiyejua huwa amechanika kitako. Kidonda cha hapo kinaoza, na ndani ya wiki umebaki na uvundo.

Dukani nimkague vipi?

Tazama mdomo kwanza, lile tundu la katikati ya sahani, yaani uso wake wa juu wenye minyiri. Uwe umefumba. Mdomo ulioachama, unaoonyesha matumbo, ni sababu ya kuondoka dukani. Kisha muombe muuzaji amguse kwa kijiti: minyiri iliyo hai hunata na kujikunja. Mwombe amgeuze, ukague kitako kama kina mchaniko.

Halafu rangi. Mwenye afya ana rangi ya udongo, kahawia, kijani iliyofifia, au zambarau yenye ukahawia ndani yake. Mweupe pee amepoteza mwani wake. Wa manjano ya limau au buluu ya wino amepakwa rangi, na chini ya rangi hiyo ni mweupe yuleyule. Hawa wanauzwa kwa bei ya juu kwa sababu wanapendeza, na ndio wanaokufa haraka. Dukani muulize pia amekaa hapo siku ngapi na kama amekula. Aliyefika jana, mwambie muuzaji akuwekee wiki moja. Akigoma, si wako huyo.

Siku ya kumleta nyumbani nifanye nini?

Msafirishe asubuhi au jioni, ndani ya boksi la thamokoli, maana foleni ya Mwenge saa tisa mchana itamchemsha. Nyumbani zima taa. Mweke na maji yake kwenye ndoo safi, chukua mpira mwembamba wa hewa, funga fundo ili maji ya tangi yadondoke tone tone, na acha saa moja hadi mbili mpaka maji ya ndoo yawe yameongezeka mara mbili au tatu. Maji ya ndoo usiyamwage kwenye tangi.

Chimba shimo dogo mchangani kando ya lile jiwe bapa, umweke kitako kikitazama chini, na uzime pampu za mawimbi kwa nusu saa au zaidi. Usimfukie kwa nguvu, mwenyewe atajichimbia. Ukimtazama kwa karibu kwenye kioo utaona shina likijaa maji, linabanwa, linajaa tena, na kila mara chembe za mchanga zinasogea pembeni. Inaweza kumchukua usiku mzima.

Anatembea! Nimrudishe?

Mwache. Hajaridhika na mkondo, mwanga au mchanga, na anatafuta pengine. Ukimng'oa kila jioni unamchana na kumchosha. Ila siku hizo ziba pampu zote: sponji nene kwenye midomo ya kuvuta maji, wavu kwenye pampu za mawimbi. Anemoni aliyevutwa na pampu huwa hafi peke yake, anasambazwa vipande vipande tangi zima na kuua kila kilichomo. Ningependa kila mtu azibe pampu kabla ya kununua taa.

Akizunguka zaidi ya wiki mbili bila kutulia, shida ipo kwako. Kagua kina cha mchanga kwanza, kisha mkondo unaompiga moja kwa moja.

Anakula nini, na mara ngapi?

Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Kamba mbichi wa soko la Feri ndiye rahisi: mmenye, mwoshe kwa maji safi, mkate vipande visivyozidi ukucha wa kidole kidogo, ugandishe kwenye mfuko. Dagaa mbichi na ngisi nao wanafaa. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi, uduvi wa dukani, na chochote kilichoguswa na ndimu au viungo, viache kwa ajili ya mboga ya nyumbani.

Zima pampu, shika kipande kwa koleo refu la plastiki, kiguse minyiri ya pembeni. Kipande kinanata hapohapo. Minyiri ya jirani inainama juu yake, ukingo wa sahani unajikunja kuelekea katikati, na mdomo unajitokeza na kufunguka kama wa mtu anayetaka kusema neno. Dakika chache baadaye hakionekani. Kamba wasafishaji ni wezi: wanaingia mpaka mdomoni kuchomoa chakula, kwa hiyo walishe wao kwanza upande wa pili.

Kesho yake akitema donge la kahawia lenye utelezi, huo ni uchafu wake wa kawaida. Akitema kipande kilekile ulichompa, kilikuwa kikubwa, au maji hayako sawa. Kumlisha kila siku ili akue haraka kunachafua maji tu.

Leo amesinyaa kabisa. Anakufa?

Huenda anajisafisha. Anemoni hutoa maji yote mwilini, anabaki kitambaa kilicholowa, na baada ya saa chache anajaa tena. Akifanya hivyo mara moja kwa siku chache, usiguse kitu. Akisinyaa siku mbili tatu mfululizo, mdomo ukiachama, pima joto, chumvi na amonia mara moja, na badilisha asilimia 20 ya maji kwa maji yaliyolingana joto na chumvi.

Wapo wafugaji wanaotibu anemoni wagonjwa kwa antibayotiki ya siprofloksasini kwenye tangi la pembeni, na wengi wamefanikiwa. Mimi simshauri mgeni wa kazi hii akimbilie duka la dawa. Joto na mchanga visiporekebishwa, dawa haina cha kuponya, na maji yenye antibayotiki yakimwagwa kwenye mfereji yanawazoesha bakteria dawa tunayoitegemea wenyewe.

Amekuwa mweupe lakini bado anakula. Atarudi?

Anaweza. Mwani wakirejea, rangi inaanza kurudi kwa madoa ya kahawia karibu na mdomo au chini ya minyiri. Inachukua miezi. Mpe mwanga wa wastani, vipande vidogo zaidi vya kamba mara tatu kwa wiki, na joto lisilopanda. Usimwongezee mwanga ukidhani ndio anaokosa. Hana mwani wa kuutumia.

Samaki wa anemoni wangu hamtaki. Kwa nini?

Kati ya spishi zaidi ya elfu moja za anemoni, 10 tu ndizo zinazopokea samaki hawa, na kila samaki ana wenyeji anaowakubali. Wawili wa pwani yetu ni mfano mzuri. Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia mwenye mikanda miwili myeupe, anamkubali Heteractis aurora. Amphiprion akallopisos, yule wa rangi ya chungwa iliyofifia mwenye mstari mweupe mgongoni, baharini hukaa kwa Heteractis magnifica na Stichodactyla mertensii, ambao hawakai mchangani kama hawa tunaowazungumzia. Ukimweka na doreensis anaweza kupita mwaka akilala pembeni ya hita.

Waliozalishwa kwenye matangi wakati mwingine hawajawahi kuona anemoni kizazi hata kizazi. Wape muda. Kubandika picha kiooni na kuwabana ndani ya wavu juu ya anemoni nimeviona vyote vikijaribiwa, matokeo ni ya kubahatisha. Anemoni mwenyewe haumwi kwa kukosa samaki. Na samaki wakubwa, hasa jike anayetawala, wanaweza kumsumbua mgeni kwa kujisugua mfululizo mpaka akafunga. Watenge kwa kizuizi mpaka ajichimbie.

Nani mwingine anaweza kukaa naye?

Kaa wadogo wa kauri na kamba wa anemoni wanaishi juu yake bila shida na wanapendeza kuliko samaki wengi. Samaki vipepeo humnyofoa, usiwaweke. Farasi wa baharini na samaki wazito wanaolala mchangani ni chakula, hasa kwa zulia, ambaye anameza samaki mzima usiku na asubuhi unahesabu upungufu. Matumbawe yawe mbali kiasi kwamba akitanuka kabisa asiyaguse.

Anachoma mtu?

Zulia, ndiyo. Ananata mkononi kama gundi na anaacha vipele. Vaa glavu ndefu, na usijifute usoni. Ukiguswa, suuza kwa maji ya chumvi bila kusugua. Ukivimba uso au pumzi ikibana, nenda hospitali.

Wanaishi miaka mingapi?

Miaka mingi kuliko tangi lako, asipouawa. Huko Uskoti, Sir John Dalyell aliokota anemoni mmoja wa mawe mwaka 1828, akamweka kwenye chombo cha glasi. Alipewa jina la Granny, akarithishwa mkono hadi mkono baada ya Dalyell kufa, na alikufa mwaka 1887. Maji yake yalikuwa yanabadilishwa kwa maji ya bahari safi. Hakukuwa na pampu wala taa, ila pia hakukuwa na Februari ya Dar.

Amekufa. Nifanye nini?

Mtoe sasa hivi. Aliyekufa anayeyuka, ananuka, na amonia yake inaweza kuua tangi zima kabla ya asubuhi. Mchote na mchanga unaomzunguka kwa chombo, siyo wavu, atapita kwenye matundu. Vuta mabaki kwa mpira, badilisha theluthi ya maji, weka kaboni mpya ya kuchujia, ongeza hewa. Pima amonia kila baada ya saa chache mpaka kesho yake.

Nahama mji na siwezi kuendelea naye. Nimwachie baharini?

Usimwachie. Doreensis si wa pwani yetu, na hata aurora aliyekaa kwenye tangi pamoja na viumbe kutoka Indonesia anaweza kubeba vijidudu ambavyo miamba yetu haijawahi kukutana navyo. Mpe mfugaji mwenye tangi lililokomaa, au mrudishe dukani hata kwa bure. Unapomtoa, fukua mchanga mpaka ulione jiwe aliloshika, umwinue pamoja na jiwe lake.